Mstari Juu ya Jiwe la Waridi

Mama Mstari alilichunguza lile jiwe kwa majuma kadhaa kabla hajathubutu kuligusa kwa wino, na hilo halikuwa kawaida yake. Jiwe jeupe la kila siku alikuwa akilimaliza kabla chai yake haijapoa. Analigeuza mbele ya taa, lenzi imebanwa jichoni, ananung'unika kidogo, halafu anachora mstari mmoja mwembamba mweusi na kumsogezea mumewe. Mumewe anakata hapo hapo, bila kuuliza. Ndivyo walivyofanya kazi tangu ujana wao, meza zao zikitazamana kwenye karakana ndogo ya kukata almasi, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Mke anachora, mume anakata na kung'arisha. Wenzao walimbandika mke jina la Mama Mstari kwa sababu hiyo. Mume walimwita Kimya, na jina hilo halikuhitaji maelezo.

Lakini jiwe hili lilikuwa la waridi.

Bi Mkubwa, mwenye karakana, alilileta mwenyewe, limefungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama zilivyokuwa zikifungwa dawa za unga zamani. Alifunga mlango, akashusha pazia, kisha akamwomba Redio anyamaze. Redio hakuwa chombo. Alikuwa mng'arishaji wa meza ya pembeni, mtu mnene mwenye roho nzuri, aliyekuwa akiongea tangu anapovua koti asubuhi mpaka anapolivaa jioni. Karatasi ilipofunguliwa, hata yeye aliishiwa maneno. Ndani mlikuwa na kitu chenye ukubwa wa punje ya harage, chenye ukungu juu yake, ambacho asiyejua angedhani ni kipande cha sabuni ya kuogea kilichosahauliwa pembeni mwa beseni. Vichwa vinne viliinama juu yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua chake.

Katika miaka yao yote pale, mawe ya rangi hiyo waliyowahi kuyaona yalikuwa ya kuhesabika, na yote madogo kama chenga za mchele. Bi Mkubwa alisema kuna migodi inayochimbwa mpaka mlima unageuka shimo, almasi zikatoka za kujaza ndoo, na zisipatikane za waridi za kujaza kijiko. Alisema pia kwamba amewahi kumwona mfanyabiashara mwenye roho ngumu kama gogo akiweka jiwe la namna hiyo kiganjani, akalitazama, na akasahau kabisa alichokuwa anataka kusema. Nyeupe watu huisifu kwa sauti, alisema. Hii watu wakiiona hunong'ona.

Jioni ile nyumbani, Mama Mstari hakuzungumza jambo lingine. Binti yao, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiishi nao tangu alipohamishiwa shule ya karibu, aliuliza rangi ile inatoka wapi.

"Ya njano ina kitu kimeingia ndani yake," mama akamwambia. "Ya bluu pia kuna kitu. Hii haina kitu chochote cha kigeni. Ilibanwa tu huko chini, ikapinda kidogo, ikatoka na rangi. Nipe chumvi."

Kisha akaeleza kinachomnyima usingizi. Rangi ile haikuenea jiweni kama maziwa kwenye chai. Imekaa kwa tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu. Ukilitazama jiwe kwa upande huu linajaa waridi, ukiligeuza kidogo linapauka na kuwa kama kioo cha dirisha. Kwa hiyo mchoraji akikosea uelekeo, jiwe ambalo watu wanaweza kuishi na kufa bila kuliona linageuka kuwa jiwe kama mengine. Na baada ya msumeno kupita, hakuna cha kurudisha.

Akalifanyia kazi taratibu. Kimya alimsugulia sehemu ndogo ubavuni mwa jiwe mpaka ikawa laini, ili apate kama kidirisha cha kuchungulia ndani. Akawa anachungulia. Asubuhi anasogeza kiti karibu na dirisha, mchana anakirudisha kwenye taa, anapumzisha macho, anachungulia tena. Redio alimtania kwamba sasa amepata mchumba na Kimya ajihadhari. Mama Mstari alimjibu kwamba huyu mchumba angalau anamsikiliza.

Hatimaye, Ijumaa moja mchana, alichora. Aliweka kalamu chini, akafikicha macho, akasema, "Basi." Kimya alikuwa na jiwe jingine kwenye gurudumu la kusugulia, akaahidi ataanza Jumatatu. Jiwe likafungwa kwenye sefu na mstari wake mgongoni.

Jumapili asubuhi Mama Mstari alianguka jikoni, akiwa ameshika sufuria. Hospitali walisema ni kiharusi. Hakupata fahamu tena. Alifariki katikati ya juma, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na binti yake upande wa pili, na kila mmoja ameshika mkono wake.

Kimya alipokea mikono ya rambirambi, akasema asante, akala alichowekewa. Watu walisema anajikaza. Kwa kweli hakuwa anajikaza. Alikuwa anasubiri mambo yaishe ili amsimulie mkewe nani alikuja na nani hakuja, na kila alipogundua tena kwamba huyo wa kusimuliwa ndiye aliyezikwa, alibaki amesimama alipo, kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alifuata nini.

Aliporudi kazini, alikuta meza ya mkewe imefutwa vumbi na kiti kimesogezwa ndani. Bi Mkubwa alimfungulia sefu bila maneno mengi, akampa ile karatasi. Kimya akaifungua chini ya taa, akaweka lenzi jichoni.

Hakulitazama jiwe. Aliutazama mstari.

Kwa macho ya kawaida ulikuwa kama uzi wa buibui. Kwenye lenzi ulikuwa njia pana ya wino, na mkono wa mkewe ulionekana humo waziwazi: pale alipoanza kwa nguvu, pale alipovuta pumzi, na karibu na mwisho, mtetemeko mdogo ambao Kimya hakuwahi kuuona kwenye mistari yake mingine. Mkewe hakuwa mtu wa kuandika. Hakuacha barua, hakuwa na mazoea ya kupigwa picha. Vitu vyote alivyochora maishani vilikatwa na mumewe, kwa mkono wake mwenyewe, siku ileile au kesho yake. Huu ndio uliobaki.

Akaifunga karatasi. Akamwambia Bi Mkubwa kwamba gurudumu linahitaji kusawazishwa kwanza.

Siku hiyo alisawazisha gurudumu. Kesho yake akasema mafuta ya kuchanganyia unga wa almasi ni mazito mno, yachujwe. Halafu ikawa msumeno, ambao wembamba wake ni kama wa karatasi, akasema haumridhishi. Redio alimletea chai, akaongea kwa niaba ya watu wawili, na mawe meupe ya Kimya akayachukua kwenye meza yake bila kuombwa. Bi Mkubwa alivumilia. Mnunuzi alikuwa anapiga simu, lakini yeye alimjibu kwamba mafundi wake wamefiwa. Hata hivyo uvumilivu una mahali unapoishia, na asubuhi moja alivuta kiti cha Mama Mstari, akakaa mbele ya Kimya.

Alisema anaelewa. Alisema yeye mwenyewe alilelewa na marehemu katika karakana ile, wakati baba yake akiwa ndiye mwenye mali na yeye ni kitoto cha kusumbua watu, na hasemi haya kwa kupenda. Lakini kama Kimya anaona hataweza kukata, aseme, jiwe lipelekwe kwenye karakana nyingine kubwa, wakate wao kwa kufuata mstari uleule.

"Nipe mpaka mwisho wa juma," Kimya akasema.

Hakuweza kukubali mgeni aupitishie msumeno mstari ule. Akaamua kukata. Na kwa kuwa ameamua, kwa mara ya kwanza alilitazama jiwe lenyewe.

Kati yake na mkewe kulikuwa na heshima ambayo hawakuwahi kuizungumza. Mke hakumwambia mumewe jinsi ya kushika jiwe kwenye gurudumu, na mume hakukagua mstari wa mkewe. Kwa hiyo hata sasa hakuwa anakagua. Alikuwa tu anatafuta mahali pazuri pa kulibana. Akaligeuza, akachungulia kwenye kile kidirisha alichokisugua mwenyewe. Rangi ikamjia, laini, ya kina, akaona mkewe alivyoufuata uelekeo wake kwa usahihi, akashusha pumzi. Kisha jiwe likateleza kidogo kwenye vidole vyake, mwanga ukaingia kwa upande mwingine, na kitu kikametameta ndani, chembamba, kama unywele uliolowa.

Alifuta lenzi. Akatazama tena. Kikapotea. Akaligeuza polepole mpaka kikarudi.

Ulikuwa ufa. Ulianzia ndani, ukapanda kwa mshazari, na ukakutana na mstari wa wino katikati kabisa. Msumeno ukiingia pale, joto na mtikiso vingeufungua ule ufa kama mtu anavyofungua kitabu, na jiwe lingebaki chengachenga.

Kimya alishinda nalo mpaka jioni. Alijaribu kila njia ya kujithibitishia kwamba amekosea. Alibadilisha taa, alibadilisha lenzi, alijiambia ni vumbi, ni mafuta, ni macho ya mtu asiyelala vizuri. Mwishowe akamwita Redio, akampa jiwe, na hakumwambia atazame nini. Redio aliinama chini ya taa kwa muda mrefu. Aliporudisha jiwe kwenye karatasi, uso wake wa ucheshi ulikuwa umelegea.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "ningekuwa mimi, nisingekata hapo."

Kisha akarudi kwenye meza yake, akawasha gurudumu ingawa hakuwa na jiwe la kulisugua.

Nyumbani, binti alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwa wazazi wake, akikunja nguo za mama yake na kuzitia kwenye masanduku. Kimya aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakujua aanzie wapi, akaanza tu. Alimweleza habari za ufa. Alisema hajawahi, tangu amfahamu mama yake, kumwona akipitwa na ufa, hata mdogo kuliko huo. Alisema labda ulitokea baadaye, ingawa alijua jiwe halipati ufa likiwa limelala kwenye sefu.

Binti aliacha kukunja. Gauni lilikuwa mapajani mwake.

"Baba," akasema, "Mama alikuwa haoni vizuri."

Yakatoka yote. Kisukari kilikuwa kimeshika macho yake. Jicho la kulia, lile la lenzi, lilikuwa na kitu kama moshi, na madoa meusi yaliyoelea. Binti ndiye aliyempeleka kliniki. Daktari alitaka aanze matibabu mara moja, na akaonya juu ya presha pia. Mama alisema ataanza akimaliza lile jiwe. Matibabu yangemweka nje ya kazi kwa muda, na jiwe kama lile halingemsubiri, wala halingekuja jingine. Akamwapisha binti yake asimwambie baba.

Kimya alisikiliza. Kumbukumbu zikaanza kujipanga zenyewe. Kiti kikisogezwa dirishani. Chumvi ikiombwa wakati iko mbele yake mezani. Ile mara alipomwomba amsomee maelezo ya chupa ya dawa, akidai siku hizi wanaandika kwa herufi za sisimizi, na yeye akamcheka, akamwambia huo ndio uzee, karibu.

"Mlinifanya mjinga ndani ya nyumba yangu," akasema.

"Ungemwambia aache."

"Ningemwambia aache. Na angekuwa hai."

Machozi yalimtoka binti bila sauti, na Kimya, ambaye hajawahi kumwinulia binti yake mkono wala sauti, alijua kwamba maneno hayo yameingia mahali ambapo yatakaa. Alitaka kuyarudisha. Alishuka sakafuni, magoti yakilalamika, akakaa karibu naye, akachukua gauni mapajani mwake na kulikunja. Alilikunja vibaya. Binti akalifungua, akalikunja upya. Wakaendelea hivyo, nguo baada ya nguo, mpaka masanduku yakajaa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele yake kutwa nzima," Kimya akasema baadaye. "Si wewe. Mimi ndiye nilipaswa kuona."

Asubuhi akamwambia Bi Mkubwa kwamba atakata, lakini si pale palipochorwa. Bi Mkubwa aliweka kikombe chini. Kimya akampa lenzi, akamshikia jiwe kwa pembe iliyotakiwa, akamwonyesha. Bi Mkubwa hakuwa mkataji, ila alikulia katikati ya mawe, na ufa alikuwa anaujua.

"Na yeye hakuuona huu?" akauliza.

Gurudumu la Redio lilikuwa limesimama.

"Aliuona," Kimya akasema. "Aliuona Ijumaa ileile, akaniambia tukiwa njiani kwenda nyumbani. Alisema Jumatatu atafuta, achore upya."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuutamka ndani ya jengo lile, na aliutamka bila kupepesa. Bi Mkubwa alimtazama kwa muda. Kama alishuku, hakuonyesha. Alisema basi Kimya ndiye anayejua nia ya marehemu ilikuwa ipi, na aifuate.

Kimya akaomba jambo moja. Binti yake hajawahi kukanyaga pale, maana wageni hawaruhusiwi, lakini angependa aje kuuona mstari kabla haujafutwa. Bi Mkubwa alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Binti alikuja baada ya vipindi vya asubuhi, na chaki bado iko kwenye kidole. Walimkalisha kwenye kiti cha mama yake. Baba yake alimfundisha kuibana lenzi jichoni, jambo lililomshinda mara ya kwanza na ya pili, na Redio akamwambia asijali, yeye ilimchukua mwaka mzima na bado hubana shavu. Kisha akaona. Alikuwa amelelewa na mwanamke aliyetoka asubuhi na kurudi jioni na vidole vyenye wino, na hakuwahi kuona wino ule ulikuwa unakwenda wapi.

"Ni huu tu?" akauliza. "Kazi yake ilikuwa hii?"

"Hii tu," Kimya akasema.

"Hapa mwishoni mkono ulitetemeka."

"Ndiyo."

Akaligeuza jiwe kidogo, kwa woga, na rangi ikapita mbele ya jicho lake. Aliuliza kama ile ndiyo rangi yenyewe ambayo mama alikuwa akiisema mezani, au itabadilika. Kimya akamjibu kwamba itaongezeka.

Binti alipomaliza kutazama, Kimya alichovya pamba kwenye spiriti. Alikuwa amejiandaa kwa jambo zito. Lakini wino haukupigana. Alipitisha pamba mara moja tu, na mgongo wa jiwe ukawa mtupu, na pamba ikabaki na doa la kijivu. Binti alimshika bega, wakakaa hivyo. Kisha akaangalia saa, akasema ana darasa, akambusu baba yake kichwani, akashuka ngazi.

Kimya alichukua kalamu ya mkewe. Hakuwahi kuchora. Mstari wake ulitoka mnene na wenye mafundo, ungemfanya Mama Mstari acheke hadi ashike mbavu. Aliufuata uelekeo wa rangi uleule aliouchagua mkewe, kwa sababu juu ya rangi hakukosea hata kidogo, ila aliusogeza ubavuni, mbali na ufa. Jiwe lingepungua. Sehemu yenye ufa ingetengwa, na kilichobaki kingekuwa kidogo kuliko walivyotarajia wote. Hakuwa na hakika kama mkewe angekubali. Mama Mstari alikuwa mtu wa kubishania kila chembe. Huenda angepata njia ya tatu ambayo yeye, mkataji, hakuweza kuiona. Hilo hakulijua siku ile, na hakulijua baadaye.

Msumeno ulichukua siku nyingi. Almasi haikatwi kwa haraka, na hii ilikuwa na ukaidi wake: mawe ya waridi, kwa kuwa yalibanwa, nyuzi zake za ndani zimejisokota, na chuma kinakwama ambapo kwenye jiwe jeupe kingepita. Kimya alikaa nalo kama mtu anayeuguza. Alisikiliza zaidi ya alivyotazama, na mlio ulipobadilika kidogo tu alisimamisha, akangoja lipoe. Alikula akiwa amesimama. Siku vipande viwili vilipoachana, vilidondoka kwenye kisahani kwa sauti ndogo kama ya punje ya mchele, na Redio akafunga macho kabla ya kuuliza.

"Zima," Kimya akasema. Maana yake, jiwe halikupasuka.

Kisha gurudumu. Siku nzima lilizunguka bila jiwe kulika; analigeuza jiwe, anatafuta upande linaokubali, linapiga kelele, analigeuza tena. Uso baada ya uso, ukungu ukaondoka. Na kadiri lilivyopungua, rangi ilizidi kuingia ndani, mpaka siku alipolitoa kwenye kibanio, akalisafisha na kuliweka juu ya karatasi nyeupe, na wote wakakusanyika kama siku ile ya kwanza, ila sasa vichwa vilikuwa vitatu. Lilikuwa na ukubwa wa mbegu ya papai. Rangi yake ilikuwa kama ya ufizi wa mtoto mchanga, safi, yenye uhai, na haikukaa juu kama rangi iliyopakwa. Ilitoka chini kabisa. Bi Mkubwa alitoa leso.

Mnunuzi alikuja na mkewe. Alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani mikubwa. Mkewe alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, aliyeingia akiongea na akakoma kuongea mara alipoliona jiwe. Aliliweka katikati ya vidole viwili, akausogeza mkono dirishani, akaurudisha. Aliuliza kwa kunong'ona kama anaweza kulishika kidogo zaidi.

Bi Mkubwa ndiye aliyesimulia. Alisema jiwe lile lilichorwa na fundi ambaye hakuwa na wa kumfananisha naye. Kwamba fundi huyo aligundua ufa ambao wengine wote wangepitwa nao, kwamba bila jicho lake leo wangekuwa wanatazama vumbi, na kwamba aliaga dunia kabla hajaona matunda ya kazi yake. Alisimulia vizuri, na aliamini kila neno.

Redio alikuwa kwenye meza yake. Kimya alimtazama. Yule mtu ambaye siri ya harusi, mimba au ugomvi haikuwahi kulala kwake usiku mmoja, alichukua kitambaa na kuanza kufuta gurudumu lililokuwa safi.

Mke wa mnunuzi aliuliza huyo mama alikuwa mtu wa namna gani. Bi Mkubwa akamgeukia Kimya.

"Mkaidi," Kimya akasema.

Wageni walitabasamu kwa heshima, wakidhani ni utani wa mjane, na kwa kiasi ulikuwa. Jiwe likafungwa kwenye karatasi mpya. Wakaondoka nalo.

Jioni, wakishuka ngazi, Redio alikuwa mbele, akihema. Kwenye kona ya ngazi alisimama kumpisha Kimya.

"Mimi sikuona ufa wowote, kaka," akasema. "Siku ile uliponiita. Taa ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa mbaya sana," Kimya akakubali.

Alimsimulia binti yake yote wakati wa chakula, ule uongo pamoja na jinsi ulivyokua mpaka ukamzidi kimo. Binti aliweka kijiko chini. "Baba? Wewe, kudanganya?" Alicheka, halafu kicheko kikamgeuka katikati ya njia, akaficha uso kwenye mikono yake. Alipotulia alisema mama angekasirika. Asingetaka kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Kimya alisema anajua. Alisema angegombezwa tangu mlangoni mpaka kitandani, na kwamba angetoa chochote alicho nacho ili agombezwe hivyo. Kisha akamwomba binti yake msamaha kwa neno lile alilolisema chumbani. Binti akasema limekwisha. Halikuwa limekwisha, na wote wawili walijua hivyo, ila lilikuwa limeanza kwisha.

Juma lililofuata Bi Mkubwa alimwomba Kimya achukue kazi ya kuchora mpaka apatikane mtu. Binti alisema sawa, lakini kwa sharti. Akamsindikiza mwenyewe kliniki ya macho, ileile aliyokuwa akimpeleka mama yake, akakaa naye kwenye benchi la kijani miongoni mwa watu waliozibwa jicho moja. Jina lilipoitwa, Kimya aliingia, akakaa kwenye kiti kirefu. Daktari, binti mdogo kuliko wake, alimwuliza kama kuna mtu wa nyumbani mwenye tatizo la macho.

"Mke wangu," akasema.

"Anatibiwa?"

Kimya alifikiri. "Hapana," akasema. "Alikuwa na kazi."

Daktari akamziba jicho la kushoto, akamwelekeza ukutani, akamwambia asome herufi kwa sauti, kuanzia juu, bila haraka. Na Kimya akazisoma zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ambayo binti yake aliisikia mpaka kwenye benchi.